Nyanya Zilizojiotea Ruiru

Ukishuka mjini Thika leo uulize mwenye lori za kunyonya vyoo ni nani, hata mtoto atakuonyesha lango langu. Lango la chuma, la kijani. Nina lori, nina ploti Makongeni, nina nyingine Kiganjo yenye vyumba vya kupangisha, na choo cha kila nyumba niliyoijenga nimekichora mimi mwenyewe kwa kijiti mchangani, mainjinia wakiwa wamesimama wananitazama. Shule nilikaa miaka miwili, na nusu ya ule wa pili nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu. Lakini mpe mtu wa digrii bomba lililoziba, na mimi nipe langu. Tuonane jioni.

Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asidhani naionea aibu kazi yangu. Siioni. Niliiona aibu zamani, nikiwa kijana, na aibu hiyo ilinitoza kitu ambacho malori yote haya hayajaweza kukirudisha. Mama yangu mzazi aliacha kupokea chakula na maji kutoka mikononi mwangu. Ndiyo habari ninayotaka kuiandika, na nitaiandika jinsi ilivyokwenda, nisijipake mafuta.

Thika ya miaka ile ya hamsini ilikuwa mji mdogo. Viwanda vichache, mashamba ya mkonge na ya kahawa pande zote, na mito miwili inayokutana. Mzungu alikuwa na choo cha kuvuta mnyororo, na Mhindi mwenye duka kubwa alikuwa nacho. Sisi wengine tulikuwa na ndoo ama shimo. Maji ya vile vyoo vya mnyororo yalishuka kwa mabomba hadi chini kabisa ya mji, karibu na mto, kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge. Huko ndiko nilikoandikwa kazi, nikiwa na miaka ishirini na kitu, sina mke, sina baba, nina mama peke yake kule Ruiru.

Ilikuwa Hali ya Hatari, miaka ya Mau Mau. Mkikuyu kupata pasi ya kukaa mjini halikuwa jambo la mchezo. Wenzangu wengi walikusanywa wakapelekwa kambini ama wakarudishwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Mimi nilibaki, na sababu ni moja: hakuna kabila lingine lililoitaka kazi ile. Afisi ilinipa pasi upesi, kama mtu anayefunga mlango ili harufu isiingie. Askari wakifanya msako katika nyumba za wafanyakazi, walivunja milango yote. Wakifika kwetu walinusa, wakapita. Siku moja askari mmoja alinisimamisha njiani akataka pasi. Nilipoinyoosha akarudi nyuma hatua mbili.

"Ishike hivyohivyo," akasema. "Nimeiona."

"Hujaisoma, afande."

"Nimeisoma kwa pua. Pita!"

Mkubwa wetu pale uwanjani, mbali na Mzungu aliyekuja kwa gari mara moja kwa wiki asishuke, alikuwa mzee mmoja Mwislamu. Babake alikuwa Mnubi na mamake Mkamba, na ukimuuliza kabila alikujibu, "Mimi mtu wa Majengo," yaani mtaa wa Waislamu wa makabila yote. Alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa kila siku, na sijui aliilindaje, kwa sababu mimi nilikuwa nikivaa shati jeupe asubuhi, saa nne limekuwa ramani. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Mainjinia wanaoniuliza nilisoma wapi, basi, nilisomea kwa huyo.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Maji machafu yaliingia kwa mfereji wenye vyuma kama meno ya kitana, nasi tukavichokoa kwa reki kutoa matambara, mifupa, viatu, mara moja hata meno ya bandia. Kisha yakaingia kwenye tangi kubwa, yakatulia. Kizito kilizama chini, na maji ya juu yakaenda kwenye duara la mawe, kubwa kama uwanja wa kupuria maharagwe wa kijiji kizima. Juu ya mawe hayo palikuwa na mikono minne ya bomba iliyozunguka yenyewe, polepole, ikinyunyiza. Maji yakipenya mawe yale yalitoka chini meupe. Nisikudanganye, hayakuwa ya kunywa, lakini ukiyatia kwenye chupa unaona upande wa pili. Mimi niliweza kulala chini ya mti nimefunga macho, na mkono mmoja ukiziba tundu moja tu, nikajua kwa sikio ni upi. Mzee alinijaribu mara nyingi, sikukosea.

Kile kizito kilichozama tulikifungulia mlango wa chuma kikatiririka kwenye majaruba ya mchanga, na tukayaita vitanda. Kikakaa huko juani. Kwanza tope jeusi la kutapisha. Halafu linashika ngozi juu. Halafu linapasuka kama ukoko wa ugali. Ukiona nyufa zimefika chini kwenye mchanga, unaingiza sepetu, linanyanyuka vipande vipande, na ajabu, halinuki tena. Linanuka udongo wa msituni baada ya mvua.

Hapo ndipo mtu mjinga huharibu, na hapo ndipo nilipoharibu mimi.

Maana mzee alikuwa na sheria yake. Tope lililokauka halitoki uwanjani. Tulilirundika kwenye chungu kando ya seng'enge, tukalingojea. Mvua ya kwanza ikinyesha, chungu chote kinaota nyanya. Hakuna aliyepanda. Mbegu ya nyanya mtu akiimeza haifi. Inapita tumboni, inapita bombani, inapita tangini, inalala kwenye kitanda cha mchanga, na ikipata maji inaamka kama haijaona kitu. Nyanya ndogondogo, nyekundu, nyingi hata majani hayaonekani. Wenzetu wawili watatu walizichuma wakaenda nazo makwao wakinyamaza. Mzee hakuzigusa.

"Kijana," akaniambia, "tope halijawa udongo mpaka liishiwe na nyanya. Zingoje ziote. Zing'oe, geuza chungu. Zingoje tena. Siku mvua itakaponyesha na nyanya zisiote, hapo chukua, mpelekee hata kadhi."

"Hiyo ni miaka mingapi, mzee?"

"Una haraka ya kwenda wapi? Wewe si ndiye bwana mkubwa wa mavi ya Thika?"

Aliniita hivyo, Bwana Mkubwa, kwa sababu ya mdomo wangu. Hata wakati huo nilikuwa na mdomo.

Sasa mama. Mama alikuwa na shamba zuri zamani, kwenye mteremko, udongo mwekundu unaoshika mkono. Hali ya Hatari ilipokaza, wakahamishwa wote wakasongwa kijiji kimoja juu ya Ruiru, mpakani mwa mashamba ya kahawa. Nyumba zimebanana, handaki limezunguka, miti iliyochongwa imesimikwa handakini, mnara wa askari juu. Mchana wanawake walichimba handaki na barabara. Halafu walifunguliwa saa chache kwenda kulima. Na mama hakulima tena mteremko wake. Alipewa kipande nje ya handaki, mchanga na changarawe, mahali ambapo hata magugu yalikuwa yanajilazimisha. Mahindi yake yalitoka rangi ya njano, yakafika kiunoni, yakakoma.

Nilipokuwa nikipata ruhusa ya Jumapili nilikwenda kwa baiskeli. Mama aliniita "baba", kwa kuwa nina jina la babake. Akinihoji kazi nilimwambia mimi ni fundi wa maji. Uongo huo ulikuwa mdogo kama mbegu. Maji kweli yalikuwepo! Yeye akawaambia wenziwe: mwanangu ndiye anayeangalia maji ya Thika. Nami sikumkatiza. Kwetu, mtu akishika kinyesi cha binadamu halafu akashika chakula amejitia thahu, unajisi usiotoka kwa sabuni. Huondolewa na mzee na mbuzi. Mama alikuwa mtu wa kanisa, alibatizwa, alijua nyimbo zote. Lakini thahu iko chini ya ubatizo. Haiondoki kwa kuwa umeimba.

Jumapili moja, mvua ndefu zikiwa zinakaribia, nilimkuta amekaa mlangoni akichambua maharagwe ya mbegu. Alikuwa akiyahesabu yaliyo mazima, na kiganja hakikujaa. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Akanipikia hata hivyo, akaniketisha, akanitazama nikila. Nilipomwambia tule pamoja akasema ameshakula. Nilikuwa kijana, si kipofu.

Nilirudi Thika nimeamua. Kwenye chungu cha karibu na lango palikuwa na tope la kiangazi kilekile, limekauka, jeusi, linanukia msitu. Mvua haijaligusa. Nikaanza kulijaza magunia. Mzee akaja akasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Hilo bado," akasema.

"Mvua hainingojei, mzee. Ni la mama."

"Hilo la nyuma limebakiza msimu mmoja."

"Msimu mmoja mama atakula nini?"

Akachukua bonge moja, akalivunja kwa vidole, akalinusa. Halafu akasema, "Basi mwambie. Ukiweza kumwambia ni nini, mpelekee. Kama huwezi kumwambia, ngoja ziishe nyanya."

Nikamwambia nitamwambia.

Nilipeleka magunia hayo kwa safari tatu, Jumapili tatu, kutoka Thika mpaka Ruiru nikisukuma baiskeli vilimani. Kwenye kizuizi cha barabara askari alidunga gunia kwa kisu cha bunduki, akaona udongo, akanicheka: "Ruiru hakuna udongo?" Nikamjibu, "Udongo wa Thika umesoma." Ndivyo nilivyokuwa. Kila mahali lazima niseme neno.

Mama aliuingiza mkono guniani, akauleta puani, akafumba macho.

"Baba," akasema, "huu ni udongo wa kwetu. Wa kule juu, kabla. Umeutoa wapi?"

Hapo ndipo pahali pa kusema. Nimerudi pahali hapo mara nyingi kuliko nilivyorudi kanisani. Alikuwa peke yake, mkono wake mweusi mpaka kifundoni, uso wake umefunguka kama sijauona ukifunguka tangu tuzike baba. Nikasema, "Ni mbolea ya serikali. Wanawapa mafundi."

"Serikali hii?" akacheka. "Basi leo imefanya la maana."

Mvua ilinyesha. Ewe msomaji, nimeona mashamba ya Wazungu na mbolea zao za gunia jeupe, lakini sijaona kitu kama kile kipande cha mama. Mahindi yalipita kichwa changu. Majani yake yalikuwa ya kijani cha kukaribia weusi. Maharagwe yalipanda juu ya mahindi, maboga yakatambaa mpaka ukingo wa handaki, na mlinzi wa mnarani akawa anamwitia mama kutoka juu, "Wewe mama, boga lako linataka kuingia kambini bila pasi!" Kijiji kizima kilikuwa na njaa, na mama akawa mtu wa kutoa. Majani ya maboga kwa huyu, maharagwe mabichi kwa yule mwenye watoto. Wanawake wakawa wanaomba moto kwake. Kwetu jioni ikiingia, mwenye moto uliozimika huenda na kigae kwa jirani kuchukua kaa, na huendi kuchukua moto kwa mtu usiyempenda. Nilikuta foleni mlangoni kwake, na mama katikati, anagawa makaa na kufanya masihara. Nilijiona mfalme.

Na katikati ya mahindi zikaota nyanya.

Mama alidhani ni baraka. Hakupanda nyanya, hakuwa na mbegu ya nyanya, basi ni Mungu. Akawagawia nazo pia. Nilipozikuta Jumapili ile, nyekundu, zimejazana chini ya mahindi, niliinama nikashika shina moja. Nikasema nizing'oe, zinanyonya mahindi. Mama akanizuia kwa mkono. "Ung'oe alichopanda Mungu?"

Alasiri hiyo tulikaa nje ya nyumba, wanawake kama watano na mimi. Chungu cha irio, chakula chetu cha kuponda, kilikuwa motoni, mama amekatia nyanya zile. Karibu yake ameketi jirani wa mlango wa pili, mjane, mwanamke mwenye sauti ya chini, ambaye alipata kukaa Nairobi na mumewe kabla ya wote kurudishwa. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki wa mama kuliko wote. Walichimba handaki bega kwa bega. Wanawake wakawa wananitania.

"Mtafutieni mke huyu. Mikono ya maji hiyo itaoza bure."

"Mke wa nini? Anaoga mara ngapi kwa siku! Nguo za fundi hazina hata doa."

"Atiriri, fundi, hebu tuambie. Thika maji yanafanywaje?"

Wangeniacha ningenyamaza. Lakini waliniuliza, na nilikuwa na wasikilizaji, na mama alikuwa akinitazama kwa fahari. Nikaanza. Nikawaeleza tangi kubwa. Nikasimama nikaonyesha kwa mikono yangu jinsi ile mikono minne ya bomba inavyozunguka juu ya mawe, usiku na mchana, bila mtu kuisukuma, na jinsi mimi, kwa sikio tu, ninavyojua tundu lililoziba. Walipiga vigelegele. Yule mjane hakupiga. Alikuwa ameshika nyanya mkononi, anaigeuza.

"Hiyo mikono," akasema, "inanyunyiza maji gani?"

"Maji ya mji."

"Ya kuingia mjini, ama ya kutoka?"

Nikainama nikasukuma ukuni motoni. Mjane akaitazama nyanya, akatazama shambani, kisha akanitazama usoni, na sikuona uovu wowote kwake. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza ndugu yake.

"Mume wangu alifanya kazi mahali kama hapo, Nairobi, miaka sita. Alikuwa akileta nyanya nyumbani, nasi hatukuwa na shamba. Ndogo hivi, nyekundu hivi. Baba, ile mbolea uliitoa kitandani?"

Hilo neno, kitandani, wale wengine hawakulielewa. Mimi nililielewa. Na mama, aliyekuwa akinitazama mimi na si yeye, alielewa kwa kuniangalia.

"Ni nini hicho?" mama akauliza. "Baba, ni nini?"

Nikasema ni udongo tu sasa. Nikasema moto wa jua umeua kila kitu. Nikasema hata Wazungu wanaweka kwenye maua. Nikasema mengi. Kila nililosema lilikuwa jibu la ndiyo, na wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Mmoja alitia vidole kooni pale pale kando ya ukuta. "Uui, watoto wangu wamekula," mwingine akawa anasema, "uui, jana wamekula."

Mama aliinua chungu motoni kwa mikono miwili, hakutumia hata kitambaa, akaenda akakimwaga handakini. Akarudi. Akajifunga shuka kichwani kama mtu anayekwenda msibani, akatoka. Nikamfuata kwa mbali. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kila nyumba aliyoigawia, aligonga, akasimama nje, akasema alichowapa kilikuwa kimetoka wapi. Hakusema "mwanangu alinidanganya". Alisema, "Nilikupa, na sasa nimejua, nimekuja nikwambie." Wengine walimjibu, wengine walifunga mlango akiwa bado anasema. Alimaliza nyumba zote kabla ya kipenga cha kufungiwa ndani. Mimi nilitakiwa niwe nimeshatoka kijijini, nikaondoka na baiskeli bila kuagana naye.

Baada ya hapo hakuna aliyekwenda kuomba moto kwa mama. Mahindi yalikomaa, mazuri, na hakuna aliyeyachukua. Aliyavuna peke yake, na sehemu kubwa iliozea ghalani, kwa kuwa hata yeye aliyala kama anayemeza dawa. Aliyebaki kuja mlangoni ni yule mjane. Maana kwa kuuliza alichouliza, naye alikuwa amejifunua: miaka sita alikula nyanya zile, na kijiji sasa kilijua. Wakawa wawili. Moto wa mmoja ukizimika, anachukua kwa mwenzake.

Mimi nilifanya nilivyojua. Nilinunua mbuzi, dume lisilo na doa, nikalifunga nyuma ya mlango wa mama, nikamwambia tumwite mzee wa kutakasa, kimyakimya, kwa kuwa mikutano ilikatazwa. Mama alimpa mbuzi majani. Akasema bila kunitazama:

"Mbuzi ni wa mavi, baba. Mavi ningeyaosha. Ungeniambia, ningeyaweka, nisimgawie mtu, nile peke yangu, ama nikatae. Lakini uliniambia ni ya serikali, nami nikazunguka nikiwaambia watu ni ya serikali. Hiyo inaoshwa na mbuzi gani?"

Nilimrudisha mbuzi Thika.

Hakunifukuza, msinielewe vibaya. Nilipokwenda alinipikia kama zamani, akanitazama nikila. Lakini unga niliouleta aliniambia, "Weka pale." Mwezi uliofuata nikaukuta pale pale, kamba haijafunguliwa, panya wametoboa kona. Sukari vilevile. Nilimnunulia kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kwa kuwa chake kilikuwa kimetoboka. Kikombe alikipokea. Nilifurahi kwa hilo kama mtoto.

Mwaka uliofuata alishikwa na kifua. Ujumbe ulinifikia siku ya kazi, nikaomba ruhusa, nikafika Ruiru jua likiwa bado juu. Yule mjane alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mama alikuwa mdogo chini ya blanketi. Alinijua, akasema, "Baba, umekuja," akauliza kama nimekula. Halafu akasema ana kiu.

Mtungi ulikuwa karibu yangu. Nilikuwa nimenawa njiani mtoni, nimenawa tena mlangoni, kwa sabuni, mpaka viwikoni. Nikachota maji kwa kile kikombe cheupe. Nikamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, nikakisogeza mdomoni.

Alifunga midomo. Si kwa hasira. Alinitazama kwa huruma, kama aliyetaka sana kufanya jambo ninalomwomba na mwili umekataa. Akageuza macho upande wa mjane.

Mjane akanyoosha mkono. Nikampa kikombe. Akamnywesha, maji yaleyale, kikombe kilekile, na mama akanywa, akanywa yote, akavuta pumzi. Mimi nilikuwa bado nimemshika kichwa. Alikiacha kichwa chake mkononi mwangu, hilo hakunikatalia.

Tulimzika baada ya siku mbili. Waliokuja walikuwa wachache, na askari mmoja wa kutuhesabu.

Niliporudi kazini nilikuta mvua imenyesha Thika. Chungu kile nilichokichimba, kile nilichokiwahi, kilikuwa kimegeuzwa na mzee, na hakikuwa na mche hata mmoja wa nyanya. Udongo mtupu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala na sahani ya wali na maharagwe, chakula cha mchana. Aliniangalia nikija. Safari hii hakuniita Bwana Mkubwa.

"Amekwenda?" akauliza.

"Amekwenda."

Akasoma alichosoma kwa midomo, viganja juu. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaisukuma sahani katikati, nusu yake na nusu yangu, kama alivyofanya kila mchana tangu niandikwe kazi, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo.

"Nawa," akasema, "tule."

Nikaenda kwenye bomba. Nikanawa mara tatu, kama alivyonifundisha, vidole, viganja, viwiko. Nikarudi nikaketi. Mzee akamega, akala, akaningoja. Mikono yangu ilikuwa safi. Niliishika magotini mpaka kengele ya kurudi kazini ilipolia, na nusu yangu ya wali ikabaki palepale kwenye sahani, naye hakuigusa.